Boti ya Kuokoa Boti

Juzi nilikaa kwenye benchi la fundi simu hapa mjini, nikingoja abadilishe tundu la chaja. Alipogusisha kile chuma cha moto kwenye risasi ya kuunganishia nyaya, moshi mwembamba ulipanda mpaka puani kwangu, na hasira zikanipanda pamoja nao. Fundi wa watu akaniuliza, "Mama, mbona umekunja sura, nimekosea?" Nikamwambia hapana, endelea na kazi. Ningemwambia nini? Kwamba harufu ile inanirudisha nikiwa na miaka kumi, mtoto pekee katika ukoo mzima aliyekuwa na akili ya kukasirika?

Tulikuwa tunakaa na Bibi, mama yake Mama, upande wa kuelekea Kingolwira, mimi na dada yangu Mwajuma. Mama alikuwa Turiani akilima mpunga, anarudi baada ya mavuno. Nyuma ya nyumba, mwendo wa kumaliza kutafuna muwa mmoja, palikuwa na bwawa. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya kumwagilia bustani, likajaa maji ya kijito kinachoshuka Uluguru. Waliolichimba wakaondoka, magugu yakabaki. Maji yake yalikuwa ya uvuguvugu juu na baridi miguuni, yananuka tope na majani yaliyooza, na kwenye magugu waliganda konokono wadogo wasiozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tulikuwa tunawabandua na kuwashindanisha mbio, mchezo wa watu wenye subira.

Kila Jumapili alasiri walikuja wanaume wa mjini na boti zao za rimoti. Msidhani nasema watoto. Walikuwa watu wazima wenye vitambi na funguo za gari, sita au saba, kila mmoja na rimoti yenye antena ndefu, wakibishana kama wabunge kuhusu boti ya nani ina kasi. Boti zenyewe zilikuwa na urefu wa mkono wa mtu, zimepakwa rangi zinazong'aa, na zikianza kukimbia zilivuma kama nyuki waliochokozwa. Mkubwa wao tulimwita Injinia. Alikuwa mzee mpole, mtu wa kuja, mgane asiye na mtoto, na boti yake ilikuwa nyekundu.

Tatizo la bwawa lile lilikuwa magugu. Haikupita Jumapili bila boti kujisokotea magugu kwenye pangaboi lake na kuzimika katikati ya maji. Hapo wale waheshimiwa wote waligeuka kutazama ukingoni tulipokaa watoto. Hakuna hata mmoja aliyekunja suruali.

"Mwajuma yuko wapi?" wangeuliza.

Mwajuma alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna mvulana aliyemweza kwa kuogelea. Aliingia na gauni lake, akapotea chini ya maji, akaibuka karibu na boti huku kichwa kimejaa magugu, kisha akarudi ameikumbatia kama mtoto mchanga. Malipo yake soda moja kwa boti moja. Alikunywa nusu, nusu akaniachia mimi. Nikiwaza leo kwamba watu waliosoma mpaka ng'ambo walikaa wakavu na kumtuma mtoto wa mwenzao kwenye maji yale, natamani kuwapanga foleni na kuwazaba makofi mmoja mmoja. Na ile nusu soda nayo inanichoma rohoni, kwa sababu ilikuwa tamu.

Jumapili moja Mwajuma alitoka majini na boti nyekundu ya Injinia kifuani. Tuliporudi nyumbani aliingia chooni, akatoka ameduwaa. Kwenye paja, upande wa ndani, palikuwa na mchirizi mwembamba wa damu uliochanganyika na maji. Nikapiga yowe. Bibi alikuja mbio na mwiko mkononi, akamwangalia, na badala ya kuuliza ni nini kimemkata, alifanya jambo ambalo mpaka leo sijalisamehe. Alitabasamu.

Akamfunika khanga, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Kabla jua halijazama wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa uani wakinong'ona, na kuanzia siku ile sikuruhusiwa kumwona dada yangu.

Wenzangu wa kwetu mmeshaelewa. Mwajuma alikuwa mwali. Kwetu Waluguru, binti akishaona damu huwekwa ndani, akafundishwa na somo wake, asionekane na watu mpaka siku ya ngoma ya kumtoa. Lakini mimi nani aliniambia? Nilipomuuliza Bibi, alinifinya shavu akasema, "Mambo ya wakubwa hayo, mke mwenzangu. Zamu yako itafika." Zamu yangu! Niliposimama mlangoni na kuuliza kama kidonda kimepona, wanawake waliokuwa ndani waliangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa.

Kwa hiyo nikapiga hesabu zangu mwenyewe. Nilikuwa nimeliona pangaboi la ile boti nyekundu. Lilikuwa la chuma, lina mabapa mawili makali kama wembe, na dada yangu alikuwa ameikumbatia. Limemkata, limemkata vibaya kiasi cha kufichwa ndani, na watu wazima wote wameamua kucheka badala ya kwenda kumdai Injinia. Nilijua pia nini kingefuata. Mguu ukipona atatoka, Jumapili itafika, boti itakwama, watamwita, naye ataenda kwa kuwa Mwajuma hakujua kumkatalia mkubwa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, dada yangu asiingie tena kwenye lile bwawa. Basi kitafutwe kitu kingine cha kuzifuata boti zao.

Nikaenda kwa Mjomba Shomari, kaka yake Mama, fundi redio mwenye kibanda kando ya barabara.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kulikoni, mbona umenuna?"

"Nataka kutengeneza boti."

"Boti ya kwenda wapi?"

"Ya kuokoa boti nyingine."

Mjomba alicheka mpaka akaweka chini redio aliyokuwa akiifungua. "Boti ya kuokoa boti! Haya, na yako ikikwama itaokolewa na nani?"

"Yangu haitakwama," nikasema, na nilikuwa karibu kulia kwa hasira. Akaacha kucheka. Hiyo ndiyo sababu Mjomba ninamtaja kwa wema kuliko wengine, ingawa naye alijua kila kitu na akanyamaza.

Alinipa gari la kuchezea lenye rimoti, lililovunjika magurudumu, ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Siku nne mfululizo nilitoka shule nikaenda moja kwa moja kibandani. Mjomba alinionyesha jinsi ya kuyeyusha risasi ikang'ang'ania waya bila kuunguza vidole. Vidole viliungua hata hivyo. Mwili wa boti ulikuwa chupa mbili kubwa za maji, zimelazwa sambamba na kufungwa kwa fito na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kati yake nikafunga kopo la siagi lenye kifuniko, ndani yake betri na ubongo wa lile gari, nikaziba mwanya kwa nta ya mshumaa. Mota ile iliyokuwa ikizungusha magurudumu sasa ikazungusha pangaboi nililolikata kwenye bati la kopo la maziwa. Mbele nikatokeza njiti mbili za mwavuli, zimepanuka kama mikono ya mtu anayetaka kukumbatia, nikazivisha vipande vya ndala zisikwaruze rangi ya wenyewe. Hapo boti yangu ingeifuata boti iliyozimika, iishike katikati ya mikono yake na kuisukuma mpaka ukingoni. Rimoti ilikuwa ya kitoto, haifiki mbali, kwa hiyo Mjomba akaiongezea antena ya waya wa shaba iliyofungwa kwenye ufito wa mwanzi. Nilionekana kama mtu anayevua samaki angani.

Jambo moja nililifanya bila kumwambia Mjomba. Nililiiba chujio la chai la Bibi. Nililikata mpini, nikalifunika juu ya pangaboi kama kizimba, maana niliapa kwamba chombo changu hakitamkata mtu. Bibi alitafuta chujio lake siku mbili, akiwasingizia panya, paka na watani.

Jumapili ilipofika nilibeba boti kichwani mpaka bwawani. Wale wanaume waliponiona walianza utani. Mmoja akauliza kama nimeleta vyombo vya kuosha. Mwingine akauliza yule dada mwogeleaji yuko wapi leo, nikamtazama tu mpaka akajishughulisha na rimoti yake. Haikuchukua muda. Boti nyekundu ya Injinia ilikata kona, ikavuma, ikanyamaza katikati ya magugu. Wakageuka kutazama ukingoni. Hakukuwa na Mwajuma.

Nikaiweka yangu majini. Ilikwenda polepole, imekaa upande kidogo, mlio wake kama wa mbu. Walicheka. Ikaingia kwenye magugu, wakasema haya, imekwisha hiyo. Lakini haikuzimika. Magugu yalijikwangua kwenye chujio yakaachia, pangaboi likaendelea kuzunguka, na njiti za mwavuli zikaipokea boti nyekundu taratibu. Ilikuja nayo mpaka miguuni kwa Injinia. Hakuna aliyelowa hata kidole.

Ningekuwa muungwana ningekuambia kwamba nilifurahi. Sikufurahi. Walipiga makofi, na swali lao la kwanza likawa, "Nani kakutengenezea?" Nikasema nimetengeneza mimi. "Hapana, mwambie mjomba wako amefanya kazi nzuri." Ni Injinia peke yake aliyepiga magoti, akaigeuza boti yangu, akaikagua kwa heshima kama anakagua daraja.

"Na hili chujio umeweka la nini, binti? Kuzuia magugu?"

"La kuzuia lisikate watu," nikasema. "La kwako limemkata dada yangu. Ametoka damu nyingi. Yuko ndani wiki nzima sasa, na wewe hujaja hata kumpa pole!"

Niliyasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya bwawa. Injinia akageuka rangi. "Limemkata wapi?" akauliza. Nikapanua miguu na kumwonyesha, hapa, ndani ya paja. Wale wengine, wenye mabinti na wake nyumbani, walianza kukohoa. Mmoja akaitazama milima ya Uluguru kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Wote walielewa, isipokuwa mimi na yule mgane wa watu.

Kesho yake alikuja nyumbani. Alipiga hodi amevaa shati la mikono mirefu, mkononi ana kifurushi cha bandeji, pamba na chupa ya dawa ya vidonda.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona mgonjwa," akasema.

"Marahaba. Mgonjwa gani, baba?"

"Yule binti aliyekatwa na boti yangu. Nimeambiwa anatoka damu. Niko tayari kumpeleka hospitali sasa hivi, gari liko hapo barabarani."

Bibi alinitazama mimi niliyekuwa nimejibanza nyuma ya mtungi, kisha akamtazama yeye. "Baba yangu," akasema polepole, "hilo jeraha hata mama yako alikuwa nalo, na ndiyo maana ukazaliwa."

Kutoka chumba cha ndani kikalipuka kicheko ambacho sijawahi kusikia tena mfano wake. Injinia alisimama kidogo, akaelewa, akaweka kifurushi chini kama kinamuunguza, akaondoka bila kuaga. Hakurudi tena bwawani, na wenzake nao wakaacha kuja. Bibi alinifinya mpaka nikaona nyota, akaichukua boti yangu, akalikwanyua chujio, akalisugua kwa majivu, na jioni tukachujia chai. Hakuna aliyeniambia nimekosea nini. Fikirieni hilo. Mtoto anafinywa kwa kusema alichokiona kwa macho yake, na hata baada ya kufinywa haambiwi ni nini alichokiona.

Siku ya ngoma walimtoa Mwajuma juu ya mabega, amenyolewa, anang'aa mafuta, amefungwa khanga mpya. Alikuwa mzuri, na macho ameyainamisha kama alivyofundishwa. Wanawake walicheza mpaka vumbi likapanda juu ya mapaa. Mimi nilipenya katikati ya miguu yao ili nilione kovu. Sikuona kovu lolote. Nilipolalamika, wakanipa jina, na jina likashika. Bandeji. Kwenye harusi, kwenye misiba, Idi kwa Idi, hadithi ya Bandeji na mzee wa boti ilisimuliwa, na nilipokua nikajifunza kucheka pamoja nao kwa sababu anayekataa kutaniwa huonekana ana kiburi. Mwajuma peke yake hakuwahi kuicheka. Nilidhani ananionea huruma.

Aliolewa, akakaa miaka tisa bila mtoto. Akapewa mizizi, akapewa makombe, akapewa lawama, mwishowe akapewa talaka. Maumivu ya tumbo aliyokuwa nayo tangu usichana yakazidi, na mwaka jana nikamlazimisha tuende kwa bingwa. Nilikaa naye ndani kwa kuwa alinishika mkono akakataa kuniachia. Daktari, mwanamke wa umri wetu, alisoma majibu ya vipimo, akavua miwani.

"Dada, ulipokuwa mtoto uliwahi kuogelea kwenye bwawa au mto uliotulia?"

Mwajuma akanitazama mimi.

"Una makovu ya kichocho," daktari akasema. "Ya zamani sana. Kwenye kibofu, na kwenye njia za uzazi. Hukuwahi kukojoa damu ulipokuwa msichana?"

"Nilikojoa," Mwajuma akasema. "Ilikuja mwishoni mwa mkojo, inachoma. Wakasema nimevunja ungo." Alisema kwa sauti ndogo, kama anamtaja mtu aliyekufa. "Nikawekwa ndani. Damu ya mwezi yenyewe niliiona miaka miwili baadaye."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia somo wangu kwamba inatoka nikikojoa. Akasema maumivu ndiyo uanamke, nivumilie, nisimwambie yeyote, hata mdogo wangu. Halafu ngoma ilikuwa imeshachezwa, daktari. Ningesema nini, irudishwe?"

Miaka yote ile nilichekwa kwa kusema kwamba zile boti zimemuumiza dada yangu. Nilikosea pangaboi, basi! Bwawa sikulikosea. Mtoto wa miaka kumi aliona damu akatafuta kilichoileta, na ukumbi mzima wa wanawake waliozaa ukaona damu ukatafuta ngoma. Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na mila iliyonizalia mama yangu. Nina ugomvi na midomo iliyofungwa. Swali moja tu lililoulizwa bila aibu, "inatoka wapi na saa ngapi," lingetosha.

"Lakini miaka hiyo dawa za kichocho ziligawiwa mashuleni," daktari akasema. "Nyinyi hamkupewa?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, na hapo hapo ikanirudia yote. Fimbo ndefu iliyochorwa mistari, imeegemezwa kwenye ukuta wa darasa. Tulisimama mmoja mmoja tukipimwa urefu, mwalimu akisoma ni vidonge vingapi, na uji tulionyweshwa kwanza ili tusitapike. Ilikuwa Jumatano, wiki ile ile niliyokuwa natengeneza boti, vidole vimejaa malengelenge ya risasi. Mimi nilimeza viwili, vikubwa, vichungu. Kisha mwalimu akaita jina la Mwajuma mara mbili, akashika vidonge vyake mkononi, akaniuliza, "Wewe si mdogo wake? Nikupe umpelekee nyumbani?"

Nami nikajibu kwa sauti kavu, kama Bibi alivyonifundisha kumjibu kila atakayeuliza, "Hayupo, mwalimu. Yuko Turiani kwa Mama."

Mwalimu akavirudisha kwenye kopo, akaita jina linalofuata.

Nilimsimulia Mwajuma kwenye korido, tumekaa kwenye viti vya plastiki, bahasha ya majibu mapajani mwake. Nilitaka anitukane. Nilitaka amtukane Bibi kaburini, na somo, na Injinia, na kila aliyecheka. Aliikunja na kuikunjua pembe ya bahasha.

"Vyangu vilikuwa vingapi?" akaniuliza.

"Vitatu," nikasema.

"Vitatu tu?"